Siku Tuliyorudia Mbio Mimi na Restituta

Nikiwa na miaka kumi na miwili niliamini mambo mawili kwa nguvu ileile: kwamba Mungu anasikia tukisali kanisani Jumapili, na kwamba chemchemi iliyoko bondeni chini ya shule yetu ina wenyewe. Pale kwetu Tumati hakuna aliyeona ugumu wa kuamini yote mawili. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini sikuwahi kumwona akiteremsha ng'ombe kwenda kunywa pale saa sita mchana. Alikuwa anasubiri jua lipinde kidogo. Ukimuuliza sababu, anakuambia ng'ombe hawapendi maji ya mchana, kisha anatafuta kazi nyingine ya kufanya.

Aliyesema wazi alikuwa bibi, mama yake baba. Tuliishi naye uwanja mmoja, sisi kwenye nyumba ya bati, yeye kwenye nyumba yake ya zamani ya paa la udongo ambayo alikataa kuihama. Hakuwataja hao wa kwenye chemchemi kwa jina lao. Aliwaita wenye maji, kama vile mtu anavyomtaja jirani asiyetaka kugombana naye. Asubuhi na jioni, alisema, maji ni ya watu na mifugo. Jua likisimama juu ya kichwa na kivuli chako kikaingia chini ya miguu yako, maji yanakuwa yao. Mtu akilazimika kupita saa hiyo, apite upesi, asinywe, asikae.

Halafu kulikuwa na lile la mwisho, ambalo aliniambia mara nyingi kuliko mengine, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa natumwa maji.

"Ukisikia mtu anakuja nyuma yako pale bondeni, usigeuke. Na usiite jina. Wakipata jina, wanalifuata mpaka kwa mwenyewe."

Nilimuuliza itakuwaje kama aliye nyuma yangu ni mtu kweli. Bibi alifikiri, akasema mtu kweli ana miguu, atanifikia.

Restituta alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tulikaa dawati moja miaka sita. Kwao ni mgongo wa pili wa kilima, na asubuhi alikuwa ananisubiri pale njia zetu zinapokutana, ametia mikono kwapani kwa sababu ya baridi, ndala zake amezishika ili zisiishe mapema. Tulikuwa tunakimbia mpaka shule. Hatukufanya mazoezi, tulikuwa tunachelewa tu, na tulikuwa tunatafuta joto. Lakini ukikimbia na mtu mmoja miaka sita, njia ileile, hatua zenu zinakuwa kitu kimoja. Mama yangu alisema akiwa jikoni hawezi kujua kama anayekuja ni mmoja au ni wawili.

Baba yake Resti alikuwa amefariki. Mama yake alilima vitunguu saumu na maharage kwenye shamba dogo la mteremko, na alikuwa amemwambia bila kuficha kwamba akimaliza darasa la saba, shule imeisha. Kwa hiyo ile habari ya mbio ilipofika, kwangu ilikuwa habari ya mchezo, kwake ilikuwa habari ya maisha. Kila shule ilitakiwa kutoa msichana mmoja kwenda kukimbia mbio za nyika za wilaya. Na watu walisema kuna mkuu wa shule moja ya bweni, ya wasichana, ambaye kila mwaka alikuja kusimama kando ya njia na kuangalia. Msichana aliyempendeza alimchukua na kumsomesha. Hatukujua kama ni kweli. Resti aliamua kwamba ni kweli.

Mwalimu wetu wa michezo aliitwa Boay, mtu mrefu, mpole, mwenye filimbi iliyofungwa na kamba ya kiatu. Alitupanga wasichana kumi na mmoja, tukakimbia barabara kubwa mpaka kwenye daraja na kurudi. Wenzetu tuliwaacha mapema. Kutoka darajani tulikuwa wawili tu, na sikumbuki hata mara moja kufikiria kumpita. Tulikuja kama tulivyokuwa tunakuja kila asubuhi. Tukavuka mstari wa majivu pamoja.

Walimu watatu walikuwa wamesimama kwenye ule mstari. Mmoja alisema ni Restituta, kifua chake kilitangulia. Wa pili alisema ni Yasinta, yaani mimi. Wa tatu alikuwa mwalimu mkuu, akasema ameona wasichana wawili na mstari mmoja, basi. Mratibu wa elimu wa kata alikuwepo, amekaa upande juu ya pikipiki yake, kitabu cha majina kiko magotini. Alisema anataka jina moja, na ana shule nyingine mbili za kupita kabla ya jioni.

Wakaanza kubishana namna ya kuamua. Mimi na Resti tulikuwa tumekaa kwenye nyasi tunahema, tunasikia kila kitu. Mratibu alitoa shauri la kurusha shilingi. Mwalimu mkuu alikataa, akasema wazazi watasema tumecheza kamari na watoto wao. Mwalimu mmoja wa kike akasema ziandikwe karatasi mbili, mtoto wa darasa la kwanza achague. Mwingine akasema aende mdogo, kwa kuwa mkubwa ameshakula chumvi nyingi, wakacheka, maana tulipishana wiki tatu. Kisha wote wakamgeukia Mwalimu Boay. Yeye alisema jambo lililopatikana kwa miguu haliwezi kuamuliwa kwa karatasi. Warudie, wao wawili peke yao, mbio fupi.

Barabara kubwa ilikuwa haifai tena. Ilikuwa siku ya mnada, na ng'ombe walikuwa wameanza kupita, makundi kwa makundi, vumbi limesimama. Mwalimu Boay akaangalia huku na huku, akaonyesha njia ya bondeni. Mteremke mpaka kwenye chemchemi, akasema, kila mmoja akate tete moja pale majini, apande nalo. Hakutuma mtu wa kusimama kule chini. Alisema tete ndilo shahidi.

Niliangalia chini. Kivuli changu kilikuwa kidogo kama sahani.

Nilipaswa kusema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu ni la kawaida sana: Mwalimu Boay alikuwa na cheti, mratibu alikuwa na pikipiki, na mimi nilikuwa na maneno ya bibi. Niliona aibu. Nilichofanya ni kumwambia Resti kwa sauti ya chini kwamba ni saa sita. Yeye alijua ninachomaanisha, kila mtoto pale alijua. Lakini alikuwa na jambo lake kichwani, na macho yake yalikuwa yanawaka.

"Tusiachane," aliniambia. "Tukifika tena sawasawa, itabidi watuandike wote wawili."

Nikamwambia sawa. Tukagusana vidole vidogo, kama tulivyokuwa tunafanya kwa kila ahadi. Filimbi ikalia.

Njia ile inaanza kwa kuteremka taratibu, kati ya mashamba ya mahindi, halafu inaingia kwenye msitu wa miwati, na ukishaingia kwenye miwati shule huioni tena. Dakika moja ulikuwa unasikia ng'ombe wa mnada na watoto wanaopiga kelele, dakika nyingine husikii kitu. Baridi ya bonde ikatupokea. Tulikuwa sambamba. Nasikia pumzi yake kulia kwangu, na nyayo zetu, pa pa pa, kama ni za mtu mmoja. Mpaka hapo sikuwa na hofu. Hofu ilinikuta nilipoyaona maji.

Yalikuwa yametulia. Asubuhi pale huwa kuna wanawake, ndoo, ndama, kelele. Saa ile hapakuwa na mtu, na maji yalikuwa na rangi ya ukijani niliyokuwa sijawahi kuiona. Nikaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikavunja tete langu, nikatoka. Resti alikuwa amelipata lake pia. Lakini badala ya kutoka, alichuchumaa, amenipa mgongo, akachota maji kwa kiganja.

Nikamwambia twende. Akasema ningoje kidogo, amekauka.

Nilianza kupanda. Nilijiambia nitamsubiri kwenye kona, palipo na jiwe kubwa, kwamba sitaki tu kusimama pale majini. Nilipanda polepole. Nilipokaribia kona nikamsikia anakuja. Hatua za miguu mitupu kwenye udongo mgumu, nyuma yangu, karibu, zinakwenda sawa na zangu. Moyo ukatulia. Kisha ukaruka tena, kwa sababu nilikumbuka.

Sikugeuka. Hilo nililitii. Lakini mdomo ulishatangulia.

"Resti?"

"Eeh," ikajibu.

Ilikuwa sauti yake. Mpaka leo nikiulizwa popote nitasema ilikuwa sauti yake. Sikuweza kujua imetoka mbali kiasi gani, kwa kuwa lile bonde linarudisha sauti vibaya. Kwenye kona sikusimama. Kwa nini nisimame, nilijiambia, na mwenzangu huyu hapa nyuma. Nikaendelea, na zile hatua zikaendelea. Zilinifuata katika miwati yote. Nikiongeza, zinaongeza. Nikipunguza kidogo, zinapunguza. Hazikunifikia.

Kisha nikatoka kwenye miwati, jua likanipiga usoni, na nikauona uwanja wa shule. Watoto walikuwa wamejipanga pande mbili. Nikaona mstari wa majivu na mratibu amesimama sasa, kitabu mkononi. Bado kulikuwa na kama mita mia mbili, wazi kabisa, katikati ya mahindi mafupi. Hapo ndipo mahali pa kumsubiri Resti. Hapakuwa na maji, hapakuwa na kivuli, watu mia tatu wananiangalia. Ahadi yetu ilikuwa ya hapo.

Niliongeza mwendo. Niliinua magoti jinsi Mwalimu Boay alivyotufundisha, nikakimbia kama ambavyo sijawahi kukimbia kabla wala baadaye, na watoto wakaanza kuimba jina langu. Nikavuka mstari na tete mkononi.

Mwalimu Boay alinishika mabega. Alikuwa anatabasamu, lakini anaangalia juu ya kichwa changu.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu," nikasema.

Hapo ndipo nilipogeuka. Njia ilikuwa tupu. Njia nyekundu, ndefu, imenyooka mpaka kwenye miti, haina hata vumbi zaidi ya langu.

Walisubiri kwanza, wakidhani amejikwaa na anakuja akitembea. Watoto walinyamaza mmoja mmoja. Kisha Mwalimu Boay akaanza kukimbia kuelekea bondeni, na yule mwalimu wa kike akamfuata akishika sketi. Mratibu alibaki amesimama na mimi. Baada ya muda aliangalia saa yake, akaniuliza jina la baba yangu, akaandika. Sikumwambia asiandike. Pikipiki yake ilikuwa imeshaondoka walipompandisha Resti.

Mwalimu alikuwa amembeba mgongoni. Resti alikuwa amelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, macho wazi, haangalii kitu. Walimkuta amekaa ndani ya maji, wakasema, amekaa vizuri kama mtu aliye kanisani, na wamemwita jina lake mara nyingi bila yeye kuwageukia. Ulimi wake ulikuwa na damu. Walimlaza ofisini kwenye gunia, na sisi watoto tukarudishwa nyumbani.

Habari ilifika uwanjani kwetu kabla yangu. Jioni ile bibi aliniita kwenye nyumba yake. Alikuwa amekaa karibu na moto, mimi nikashika mwiko nikoroge uji wake, ili mikono iwe na kazi. Aliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama niligeuka. Nikasema sikugeuka. La pili akachelewa kuliuliza.

"Uliita jina lake?"

"Hapana, bibi," nikasema.

Hakuniangalia usoni. Aliangalia miguu yangu. Akasema, kana kwamba anaongea na moto, kwamba jina likiwa limeitwa, kuna njia. Aliyeita anarudi mwenyewe, saa ileile, anasimama pale pale na kuliomba lirudi. Mtu mwingine hawezi kumwombea. Kisha akanipa muda. Muda mrefu. Niliendelea kukoroga uji mpaka ukaanza kuungua chini. Wazo la kusimama tena pale saa sita, peke yangu, niite, na kitu kiitike, lilikuwa kubwa kuliko Resti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilimpenda, na lilikuwa kubwa kuliko yeye.

Kesho yake bibi na wanawake wengine wawili wazee walishuka na kibuyu cha maziwa, wakafanya walichoweza bila kile walichokihitaji. Mama Resti alikuwa mtu wa kanisa sana, lakini aliwaacha wafanye. Alimwita na katekista, na pia akamfunga mwanawe kwa kanga kwenye pikipiki ya jirani akampeleka hospitali. Mama mwenye mtoto asiyeongea hachagui mlango. Hospitali walisema ni kifafa. Walisema pengine kilikuwepo siku nyingi, na jua, njaa na mbio mbili ndivyo vilivyokitoa. Ni kweli asubuhi ile hatukuwa tumekula chochote zaidi ya uji.

Siku ya tatu Resti aliongea. Mama yake mwenyewe ndiye aliyetuletea habari, akiwa amefurahi, amesimama mlangoni hataki hata kukaa. Alisema neno la kwanza la mwanawe lilikuwa kuuliza kama walituandika wote wawili. Yeye hakuelewa ni swali gani hilo. Aliniuliza kama mimi naelewa. Nikasema sielewi.

Resti alirudi shule baada ya mwezi. Alianguka darasani wiki hiyohiyo, na tena mwezi uliofuata. Wenzetu wakaacha kunywa kwenye kikombe alichotumia. Walisema wenye maji wana jina lake, wanamwita wanapotaka. Mwalimu wa darasa akamhamishia kwenye benchi la nyuma peke yake, ili akianguka asijigonge kwenye madawati. Hakuna aliyenikataza kumfuata kule nyuma. Nilikaa kwenye dawati letu, nikaweka madaftari yangu upande wake. Kabla ya mwaka kwisha aliacha kuja.

Mimi nilikwenda wilayani nikawa wa sita. Yule mkuu wa shule alikuwepo kweli, mwanamke mfupi mwenye kofia ya nyuzi, na alinichukua. Nilisoma bweni, nikaendelea, nikawa mwalimu. Nikirudi likizo nilipita njia ya juu, ndefu, ili nisipite karibu na kwao Resti. Bibi hakuniuliza tena. Mara moja tu, nikiwa kidato cha tatu, ananisindikiza asubuhi kwenda kupanda gari, aliniambia kwamba mtu akiwa na jambo la kusema, yeye bado yupo. Nikamwambia sina jambo, bibi. Hakuwepo nilipokuja likizo iliyofuata.

Sasa nafundisha shule ya msingi Nangwa, upande wa Hanang, na kama ilivyo kwa kila mwalimu aliyewahi kukimbia, nilipewa michezo. Miaka miwili iliyopita tulikuwa na mashindano ya shule, na wavulana wawili wa darasa la saba wakafika pamoja. Wenzangu wakasema warudie. Mmoja akaonyesha mti ulio mbali, ng'ambo ya korongo, akasema waende wauguse warudi. Nilisikia sauti yangu inakataa, kali mno, mpaka watu wakaniangalia. Nikasema tutapiga kura hapahapa, mbele ya kila mtu, na wote wawili wasimame tuwaone. Majina yao niliyaandika mimi mwenyewe kwenye karatasi.

Wiki hiyo nilimtafuta Resti. Nilijua ameolewa Gendabi, kwenye ukoo wa wafugaji. Nilipanda pikipiki Jumamosi, nikauliza njia kwa wachunga mbuzi, nikafika kwao kabla ya chakula cha mchana. Nilimwamkia mama mkwe wake shikamoo, akaniitikia marahaba na kunionyesha nyuma ya nyumba. Resti alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Amenenepa, ana kovu kwenye kidevu, ana watoto wawili. Alinitambua mara moja. Aliniita mwalimu, halafu akacheka, akaniita Yasinta.

Aliniambia anameza vidonge kila jioni, na ni siku nyingi hajaanguka. Mumewe ni mtu mzuri. Kisha akaniacha niongee, kwa sababu aliona nimekuja na kitu.

Nilimwambia yote. Kona ambayo sikusimama. Hatua. Jina nililoliita, na uongo niliomwambia bibi. Aliendelea kuchambua, mawe anatupa kushoto, mabovu kulia. Nilipofika kwenye jina, mikono yake ikasimama.

"Uliniita, hilo nalikumbuka," alisema. "Nilikuwa nimeshaanguka. Maji yako kiunoni, miguu haisikii kitu. Nikakusikia unaniita, nikaitika. Nikajua unarudi."

Miaka yote ile nilikuwa nimejiambia kwamba kilichonijibu hakikuwa yeye. Nilikuwa nimeliogopa lile jibu, na sikuwahi kufikiri kwamba lingeweza kuwa kitu kibaya zaidi ya nilichokiogopa: rafiki yangu, ndani ya maji, anaitika anapoitwa.

Nikamuuliza, ni nani basi aliyekuwa nyuma yangu.

"Mimi sikuwa nyuma yako. Sikunyanyuka pale mpaka mwalimu alipokuja."

Tuliangaliana. Kuku walikuwa wanaparua karibu na mkeka, na kule mbele mama mkwe wake alikuwa anasonga ugali, tunasikia mwiko. Nilisikia baridi mchana kweupe. Nadhani na yeye aliisikia, maana alivuta kanga mabegani. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa kuliko yote, ingawa aliliuliza kwa upole.

"Uliogopa sana?"

Ningeweza kusema ndiyo, tukaishia hapo. Ungekuwa ukweli nusu, na angeupokea.

"Kule bondeni, ndiyo," nikasema. "Kule juu, hapana."

Alielewa. Alichukua kiganja cha maharage, akayaangalia muda mrefu bila kuondoa kitu.

"Basi haya ya juu ni ya mimi na wewe," akasema. "Ya bondeni tuwaachie wenyewe."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Tulikula ugali na maziwa pamoja na mama mkwe wake, tukaongea habari za mvua na bei ya mbegu. Nimekwenda tena mara tatu tangu siku ile. Hatujazungumza jambo hilo tena, ila sasa ananitumia salamu kupitia watu, na mwanawe mkubwa ameanza kuniita shangazi.

Watu wa kwetu, wale wazee waliobaki, bado wanaisimulia siku ile kama ushahidi kwamba maneno ya bibi yalikuwa kweli. Sibishani nao. Nilikuwepo, na kuna kitu kilikimbia nyuma yangu kuanzia kwenye jiwe mpaka mwisho wa miwati, na sina namna ya kukieleza. Daktari akiniambia ni mwangwi wa nyayo zangu mwenyewe, nitakubali kwa mdomo. Lakini sihangaiki nacho tena kama zamani. Nilikitumia miaka mingi kujifichia. Kila nilipojiuliza kwa nini nilimwacha, nilijijibu kwamba nilikatazwa kugeuka, na katazo lile lilikuwa takatifu kwetu, nani angenilaumu.

Hatua zile ziliishia kwenye miti. Kuanzia pale mpaka kwenye mstari hapakuwa na kitu nyuma yangu, nilijua hivyo hata wakati ule, kwa sababu nilisikia ghafla jinsi pumzi yangu ilivyokuwa peke yake. Nilijua kwamba hayupo, nikaongeza mwendo. Hakuna aliyenifukuza pale. Nilikimbia mwenyewe.